Kila Sisimizi na Alama Yake

Aristotle aliandika kwamba nyuki wana wafalme. Kwa karibu miaka elfu mbili baada yake wasomi wengi wa Ulaya waliirudia kauli hiyo, na mzinga ukawa mfano wa kuwafundishia watu utii: tazameni, hata wadudu wana mtawala. Mwaka 1609 kasisi wa Kiingereza aliyefuga nyuki, Charles Butler, alichapa kitabu akisema mfalme huyo ni jike. Nchi yake ilikuwa imetoka kutawaliwa na Elizabeth I kwa miaka 44, kwa hiyo mwanamke kwenye kiti cha enzi hakuwa jambo geni. Mfalme akageuzwa malkia, kiti kikabaki pale pale. Nasi kwa Kiswahili tunasema malkia wa nyuki na malkia wa mchwa, kana kwamba kuna aliyewahi kumwona akitoa amri.

Hakuna aliyemwona. Malkia wa nyuki hutaga mayai na hutoa harufu inayowajulisha wenzake kwamba yupo. Hapangi nani alee majana na nani akafuate mbochi. Kazi zinapangika vipi basi? Swali hilo lilikaa karne nyingi bila jibu kwa sababu moja nyepesi: nyuki wote wanafanana. Mrina asali wa Tabora au Kitui atakwambia kundi lake lina hasira au limetulia, lina njaa au linajiandaa kuhama. Lakini mwonyeshe nyuki aliyetua uani asubuhi, kisha umuulize jioni kama ndiye huyu aliye mlangoni mwa mzinga. Hatakuwa na la kukujibu, na profesa naye hatakuwa nalo. Historia ninayoisimulia hapa ni ya watu waliotafuta namna ya kumtambua mmoja kati ya maelfu, kwanza kwa brashi na rangi, baadaye kwa chipu, kamera na setilaiti. Kadiri macho yao yalivyozidi kuwa makali, ndivyo mfalme alivyozidi kupungua.

Sir John Lubbock alikuwa mwenye benki, mbunge, na jirani wa Charles Darwin katika jimbo la Kent. Aliwafuga sisimizi nyumbani kwake kati ya vioo viwili, akawatia nukta za rangi ili awajue, na mwaka 1882 akatoa kitabu juu ya sisimizi, nyuki na nyigu. Jaribio lake moja linastahili kusimuliwa. Alitaka kujua kama sisimizi wanatambuana kwa ishara fulani ya siri, namna ya neno la mlangoni. Akachukua sisimizi wa kundi moja na wengine wa kundi la kigeni, akawalevya wote kwa pombe mpaka wasiweze kutoa ishara yoyote, kisha akawalaza karibu na sisimizi wazima waliokuwa wakila kwenye meza iliyozungukwa na maji. Wazima waliwakagua. Wengi wa wenzao walibebwa hadi nyumbani wakalale, na wengi wa wageni walikokotwa hadi ukingoni wakatupwa majini. Kwa hiyo mlevi asiyeweza kusema neno bado alijulikana ni wa wapi, na leo tunajua kwamba ni harufu ya mwili iliyomtambulisha. Jaribio hilo lisingewezekana bila rangi, maana bila nukta mgongoni Lubbock mwenyewe angewachanganya wenyeji na wageni.

Rangi ilifika kilele chake mikononi mwa Karl von Frisch, Mwaustria aliyezaliwa Vienna mwaka 1886. Aliichanganya na utomvu ulioyeyushwa kwa alkoholi ili ikauke upesi, na akabuni hesabu nzima ya nukta: nyeupe sehemu ya mbele ya kifua ni 1, nyekundu 2, buluu 3, njano 4, kijani 5. Rangi zile zile zikiwekwa nyuma ya kifua zinaendelea na 6, 7, 8, 9 na sifuri. Nukta ya tumboni ilihesabu mamia. Kwa rangi tano tu aliweza kuwapa namba nyuki karibu 600, na aliyezoea kuzisoma alimtambua nyuki akiwa angali anaruka.

Hesabu hiyo ndiyo iliyofungua mlango wa ugunduzi wake mkubwa. Nyuki aliyekunywa maji ya sukari kwenye sahani yake alirudi mzingani akacheza juu ya sega, na von Frisch alijua kwa hakika kuwa ni yule yule, ametoka sahani ile, umbali ule, upande ule wa jua. Akiwa Brunnwinkl, Austria, katika miaka ya mwisho ya Vita Kuu ya Pili, alielewa kwamba dansi ile inaeleza mwelekeo na umbali wa chakula. Kazi hiyo nusura isiwepo. Mwaka 1941 utawala wa Wanazi ulitaka kumfukuza Chuo Kikuu cha Munich kwa sababu bibi yake alikuwa na asili ya Kiyahudi. Kilichomwokoa ni ugonjwa wa nyuki uitwao nosema, uliokuwa ukiteketeza mizinga kwa wingi wakati taifa lile lililo vitani lilihitaji asali na uchavushaji. Aliachwa afanye utafiti, na mwaka 1973 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Konrad Lorenz na Niko Tinbergen.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, anayestahili kukaa katikati ya historia hii ni mwanafunzi wake. Martin Lindauer alikuwa askari kijana wa Kijerumani aliyejeruhiwa vitani Urusi. Alipokuwa akitibiwa Munich, daktari alimshauri akasikilize mihadhara ya von Frisch, naye hakurudi tena kwenye maisha aliyoyajua. Baada ya vita aliamua kufanya jambo ambalo hakuna aliyekuwa na subira ya kulifanya: kumfuata nyuki mmoja tangu atoke kwenye chumba chake cha nta mpaka aanze kwenda mashambani, na kuandika kila anachofanya. Nyuki huyo alikuwa namba 107. Lindauer alikaa mbele ya mzinga wa kioo kwa zaidi ya saa 170, na mwaka 1952 akachapa hesabu yake.

Karibu saa 70 kati ya hizo nyuki namba 107 hakufanya kitu. Alisimama tu. Saa nyingine zaidi ya 50 alizungukazunguka juu ya masega akichungulia vyumba. Muda uliobaki aligawa kati ya kusafisha, kulisha majana, kujenga na kulinda, tena bila kufuata zamu kali. Mtafiti mwingine, Gustav Rösch, alikwisha kuonyesha mwaka 1925 kwamba nyuki hubadilisha kazi kwa umri, wadogo ndani na wakubwa nje. Namba 107 alionyesha jinsi mabadiliko hayo yanavyotokea: nyuki anazunguka, anakuta chumba kichafu, anakisafisha, anakuta jana lina njaa, analilisha. Hakuna anayemtuma. Kule kuzunguka ndiko kunakompa kazi, na kule kukaa bure ndiyo akiba ya kundi siku kazi zikizidi. Sifa tunayompa nyuki, ya kutopumzika, ilitokana na kumtazama aliye kazini tu. Aliyesimama kando hakuandikwa.

Tatizo hilo la jicho lilikuja kupewa kanuni yake hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1960 Jane Goodall alifika Gombe, Kigoma, akawapa sokwe majina: David Greybeard, Flo, Fifi. Alipofika Cambridge kusomea shahada yake aliambiwa angewapa namba. Yeye alishika majina, na alikuwa na haki, maana uso wa sokwe unatosha kumtofautisha na ndugu yake. Kisha mwaka 1974 Jeanne Altmann, aliyekuwa akiwachunguza nyani wa Amboseli, Kenya, alichapa makala juu ya namna ya kutazama wanyama, makala ambayo hadi leo kila mtafiti wa tabia za wanyama husomeshwa. Hoja yake ni kwamba mtazamaji asiyejizuia huandika ugomvi, kelele na ubabe, kwa kuwa ndivyo vinavyovuta macho. Dawa ni kupanga tangu kabla utamtazama nani na kwa dakika ngapi, zamu ikifika umwandike huyo huyo hata kama amelala, na hata kama nyuma yako madume mawili yanarukiana. Kwa kanuni hiyo nyani jike mkimya alipata nafasi sawa na dume lenye meno marefu.

Lakini ukimfuata mmoja, wengine wote wanakupita. Lindauer alimjua namba 107 kuliko mtu yeyote alivyowahi kumjua mdudu, na hakujua waliokutana naye walikuwa akina nani. Jamii ni mikutano. Ili kuiona, ilibidi kuwaona wote kwa wakati mmoja, na hilo halikuwa ndani ya uwezo wa jicho.

Hatua ya kwanza ya mashine ilikuwa ndogo. Mwaka 2003 watafiti wa Würzburg, Ujerumani, walieleza jinsi walivyobandika chipu yenye uzito wa miligramu chache mgongoni mwa nyuki-bambi. Chipu haina betri. Inapopita chini ya kisomaji kilichowekwa mlangoni hupata nguvu kutoka kwenye mawimbi yake na kutaja namba yake. Kifaa kama hicho ni mlinzi wa geti. Anajua nani katoka saa ngapi na nani hakurudi, lakini ya ndani ya nyumba hayajui.

Ya ndani yalionekana Lausanne, Uswisi. Danielle Mersch na Laurent Keller wa chuo kikuu cha mji huo walishirikiana na Alessandro Crespi, mhandisi wa roboti. Walichukua makundi sita ya sisimizi wa aina ya Camponotus fellah, na kila sisimizi katika kila kundi, malkia na watenda kazi, akabandikwa mgongoni kikaratasi cha mraba kidogo kuliko punje ya mchele, chenye vidoa vyeusi na vyeupe visivyofanana na vya mwingine. Ni msimbo unaofanya kazi kama msimbo pau wa pakiti ya sukari dukani. Kiota kilikuwa kisanduku chenye giza, kikaunganishwa kwa njia nyembamba na kisanduku kingine chenye chakula na mwanga wa mchana na usiku. Juu ya vyote viwili zilikaa kamera, ile ya gizani ikitumia mwanga usioonekana na sisimizi. Kila nusu sekunde picha ilipigwa, na programu ikasoma namba, mahali alipo mwenye namba, na upande alioelekeza kichwa.

Kazi hiyo iliendelea siku 41. Piga hesabu: ni zaidi ya picha milioni 7 kwa kila kundi. Wawili waliposogeleana kiasi cha kugusana kwa papasi, mashine iliandika mkutano, na mikutano iliyoandikwa ilipita milioni 9. Matokeo yalichapwa mwaka 2013.

Ndani ya lile giza zilikuwamo jamii tatu katika kundi moja. Walezi walikaa na malkia, mayai na watoto. Wasafishaji walizunguka kiotani na kwenda kwenye rundo la taka. Watafutaji wa chakula walikaa karibu na mlango. Kila mmoja alikutana zaidi na wa kundi lake kuliko na wa makundi mengine, hata kama wote walilala chini ya paa moja lisilofika upana wa meza. Kwa kawaida sisimizi alianza maisha kama mlezi, akiwa na umri wa kati akasafisha, na uzeeni akatoka nje kwenye hatari. Hata hivyo wapo waliozeeka wakiwa walezi, na wapo waliotoka mapema. Malkia alikuwapo katika picha zote, na hakuna kilichoonyesha kwamba yeye ndiye anayewapanga. Mahali mtu anaposhinda ndipo panapomfanya akutane na fulani na fulani, na kukutana huko ndiko kunakomwonyesha kazi. Hilo ndilo alilolichungulia Lindauer kwa nyuki mmoja. Sasa lilikuwa limeandikwa kwa mamia.

Mgawanyo huo una faida ambayo haikuonekana mpaka ugonjwa ulipoingia. Nathalie Stroeymeyt na wenzake, wakiwamo Mersch, Crespi, Keller na Sylvia Cremer, walichukua makundi 22 ya sisimizi weusi wa bustanini wa Ulaya, wakawabandika alama sisimizi zaidi ya 2,200, na wakawapaka baadhi ya watafutaji chembe za kuvu wa Metarhizium. Kuvu huyu humwua mdudu, lakini chembe zake huchukua muda kupenya ngozi, na katika muda huo anayemsafisha mwenzake anaweza kuzichukua mwilini mwake. Waliopakwa waliporudi, kundi zima lilibadilika. Wao wenyewe walijitenga na wenzao. Watafutaji ambao hawakupakwa chochote nao walijiweka mbali. Walezi waliwahamishia watoto ndani zaidi. Chembe nyingi zilibaki kwa wachache, na malkia na walezi vijana walifikiwa na kiasi kidogo sana, kiasi ambacho kwa wadudu hawa kinaweza hata kuuzoeza mwili kupambana. Tena hata kabla ya kuvu, jamii zilizotengana ndani ya kundi zilikuwa tayari zinapunguza kasi ya maambukizi. Utafiti huo ulichapwa Novemba 2018. Mwaka na nusu baadaye dunia nzima ilikuwa inahesabu mita kati ya mtu na mtu.

Mnyama mkubwa wa porini hawezi kuwekwa kisandukuni. Kwake ilibidi mashine imfuate aliko, na safari hiyo inaturudisha Kenya. Kituo cha utafiti cha Mpala kiko Laikipia, upande wa Mto Ewaso Ng'iro, kwenye nchi kavu ya migunga na miamba. Agosti 2012 timu iliyoongozwa na Margaret Crofoot iliwafunga mikanda yenye vipokezi vya mawimbi ya setilaiti (GPS) nyani 25 wa kundi moja lenye nyani 46. Waliofungwa walikuwa karibu asilimia 80 ya wakubwa na wale wanaokaribia ukubwa. Mikanda iliandika mahali pa kila nyani kila sekunde, tangu saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, maana yake maandishi 43,200 kwa nyani mmoja kwa siku.

Swali lilikuwa lile lile la mzinga: nani anaamua? Nyani ni mnyama wa vyeo. Dume kubwa hula kwanza na humfukuza amtakaye, na yeyote aliyewahi kukaa kando ya barabara akalitazama kundi likivuka angeapa kwamba yeye ndiye kiongozi wa msafara. Ariana Strandburg-Peshkin, Damien Farine na Iain Couzin, pamoja na Crofoot, walitafuta katika data kila mara nyani mmoja alipochomoka kuelekea upande fulani, kisha wakaangalia kama wenzake walimfuata au yeye mwenyewe alirudi. Matokeo yao yalitoka mwaka 2015. Dume kubwa halikufuatwa zaidi ya wengine. Kilichowavuta nyani ni idadi na mapatano: wengi wakianza kuondoka kuelekea upande mmoja, waliobaki husimama wakafuata. Wakianza kwa pande mbili zilizokaribiana, kundi hupita katikati. Pande zikiachana kwa nyuzi kama 90 au zaidi, hakuna katikati. Kundi huchagua upande mmoja, na mara nyingi ni ule wenye wengi.

Sisemi cheo si kitu kwa nyani. Huko Namibia watafiti walipotega chakula mahali pamoja, kundi lilimfuata dume kubwa, ambaye ndiye aliyefaidi zaidi. Katika mwendo wa kila siku wa Laikipia, anayetafuna mizizi kimya pembeni anahesabiwa sawa na anayenguruma. Miaka michache baadaye, hapo hapo Mpala, Danai Papageorgiou na Farine waliwafuatilia kanga wenye kifua cha buluu na shingo ndefu, zaidi ya 400. Makala yao ya 2019 ilionyesha kwamba ndege hao wana makundi yasiyovunjika ambayo nayo huchagua makundi rafiki ya kutembea nayo. Walisema mpangilio wa namna hiyo haukuwa umewahi kuelezwa kwa ndege, na wengi walidhani unahitaji ubongo mkubwa.

Nimewataja wenye kazi hizi kwa majina makusudi. Rudi uyasome. Wanyama ni wa Laikipia na nchi ni yetu, lakini katika majina manne ya makala ya nyani hamna hata moja la Afrika Mashariki. Hili si la kuwalaumu waliofanya kazi; walifanya vizuri, na data za nyani wakaziweka wazi kwenye hazina ya Movebank, ambako mtu yeyote anaweza kuzichukua bila kulipa. Mwanafunzi wa Nanyuki, Morogoro au Makerere mwenye kompyuta na subira anaweza kuzifungua leo, akamfuata nyani mmoja sekunde kwa sekunde kama Lindauer alivyomfuata namba 107, na akauliza swali ambalo bado halijaulizwa. Walimu wa zoolojia na wa hisabati wa vyuo vyetu, wapeni vijana kazi hiyo.